Swichi ya Ubavuni

Niliinunua duka la hisani, Barabara ya Holderness, hapa Hull,
pauni kumi na tano, betri haina maana,
kifuniko kina stika ya timu ya raga
ambayo kucha zangu zimeshindwa kuing'oa.
Mzee Derek alinionya akifunga mfuko:
"Kuna kitu kimekufa humo ndani, kipenzi."
Basi nitakifukua, nikamwambia, nijue ni nini.

Usiku ule nikafuta kila kilichokuwamo.
Nikaweka Linux kutoka kwenye flashi,
na ule mstari wa asilimia ukatambaa
kama mtoto mvivu aliyetumwa chumvi.
Saa nane kasoro robo ikasema: tayari, washa upya.
Nikawasha. Kioo kikajaa rangi ya zambarau,
nikapiga makofi peke yangu jikoni
mpaka jirani wa chini akagonga dari lake.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Waifai: hakuna.
Sauti: hakuna.
Kibao cha kugusia kinakwenda upande, kama kaa.
Mwangaza wa kioo una hali mbili tu,
jua la utosini na kaburi.

Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri:
nitajie viungo vyako vyote.
Ikataja, mstari kwa mstari,
kama mwalimu wa zamu anayeita majina paredi,
na kadi ya waifai ikaitika. Ipo!
Ipo, ina namba, ina kiwanda kilichoizaa,
ila mbele yake, pa kiendeshi, pako patupu.
Nikaitazama sana kadi ile.
Nakujua kukaa kwenye orodha namna hiyo:
miezi kumi na minne, namba ya faili,
jina limekosewa herufi moja,
nipo, na mlango haufunguki.

Usiku wa pili nikaifunga simu kwa kebo
iikopeshe mashine mtandao, tone kwa tone.
Nikashusha kiendeshi, nikakisimika, nikawasha upya.
Kadi sasa ina dereva wake
na gari bado halitoki gereji.

Usiku wa tatu mita ya umeme ikala pauni ya mwisho.
Nikakaa gizani na koti la kazini,
lile linalonuka dawa ya sakafu za hospitali,
malori ya bandarini yakipita kwenye mvua,
betri mbovu ikinihesabia dakika.
Nyuma ya barua ya kodi ya halmashauri
nimeandika kwa penseli kila nilichojaribu
na kila nilichojibiwa. Jambo moja kwa wakati.
Ukibadili matatu pamoja
hutajua lipi limeponya, wala lipi limeua.

Amri ya kumi na saba ilijibu hivi:
kwa programu, imefunguliwa;
kwa mkono, imefungwa.
Kwa mkono?
Mkono wa nani?

Asubuhi Salha, miaka saba, mdomo umejaa mkate,
akaizungusha mashine mezani kama sahani,
akapitisha ukucha kwenye ufa wa ubavuni
karibu na tundu la vipokea sauti.
"Mama, hiki kidude kinacheza."
Ta.
Kitaa cha buluu kikawaka,
mitandao ya mtaa mzima ikamiminika kiooni.
Wa jirani wa chini unaitwa Kelele Basi.

Sikucheka papo hapo. Nilihesabu kwanza:
mikesha mitatu, vikombe kumi na kimoja vya chai,
zamu moja niliyofagia ukumbi uleule mara mbili.
Ndipo nikacheka, na Salha akacheka
bila kujua tunamcheka nani.

Sauti nayo imerudi nusu.
Spika ya kulia inasema, ya kushoto imenuna,
kwa hiyo taarifa ya habari inasomwa
na mtu aliyesimama chumba cha pili.
Barua ya kodi imejaa pande zote.
Nimefungua bahasha ya gesi, nimechonga penseli.
Moja: upande wa kushoto.
Kabla ya amri yoyote, papasa kwanza kwa kidole.